Mafundi Wajibu: Mlango wa Mbele Uliochoka

Mlango wetu wa mninga unatazama mashariki na hauna kibaraza. Ulipigwa vanishi mwaka juzi, sasa umebambuka nusu ya chini na una madoa meusi. Naweza kupiga vanishi mpya juu ya ile iliyopo? – Msomaji, Tanga

Hapana. Vanishi iliyobambuka haijashika mbao, na ukiongeza nyingine juu yake zote mbili zitatoka pamoja. Kwa mlango unaopigwa jua la asubuhi, mara nyingi chanzo ni vanishi ya ndani, ile ya meza na makabati, kutumika nje. Jua hupenya vanishi hiyo na kuharibu uso wa mbao ulio chini yake. Vanishi inakosa cha kushika, inapasuka nyufa nyembamba, na mvua inapata njia. Dukani soma kopo kwanza: unataka vanishi ya nje au ya boti, iliyoandikwa kwamba inazuia mionzi ya jua.

Toa mlango. Ingiza vipande vya mbao chini yake vibebe uzito, fungua skrubu za bawaba ya chini, kisha ya kati, ya juu iwe ya mwisho, na mtu wa pili awe ameushika. Toa kitasa na vishikio vyote. Anayepaka akizunguka kitasa huacha ukingo ambao ndio utakaoanza kubanduka.

Kwangua vanishi iliyolegea kwa skrepa, kisha piga msasa namba 80 mpaka mbao tupu ionekane, ukifuata nyuzi za mbao. Mikwaruzo iliyokatisha nyuzi haionekani ikiwa mbao ni kavu, ila vanishi ya kwanza ikigusa tu inajitokeza yote. Endelea na namba 120, malizia na 180. Usiruke kutoka 80 kwenda 180, maana msasa laini hauondoi mikwaruzo ya ule mkali. Vaa barakoa: vumbi la mninga hukera pua na kifua.

Madoa meusi yana asili mbili. Dondoshea tone la Jik kwenye doa moja na usubiri dakika chache. Likififia, ni ukungu: sugua sehemu yote kwa Jik iliyozimuliwa, suuza, acha ikauke kabisa. Lisipofifia, huenda ni kutu ya msumari au skrubu iliyokutana na maji ndani ya mbao. Hapo badilisha skrubu hizo uweke za shaba au za chuma kisichoshika kutu, la sivyo doa litarudi hata ulisugue vipi.

Mlango wa mita 2.1 kwa 0.9 una chini kidogo ya mita 2 za mraba kila upande. Kwa mikono minne (tabaka nne za vanishi) pande zote mbili, nunua lita moja na nusu. Mkono wa kwanza uzimue: kwa nusu lita ya vanishi tia mililita 75 hadi 100 za tapentaini, ili inyweke ndani ya mbao. Mikono inayofuata usizimue. Anza na paneli, kisha mbao za kulala, mwisho zilizosimama. Kila mkono ulale usiku mzima, asubuhi upitishe msasa namba 240 kwa wepesi, ufute vumbi kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, ndipo upake mwingine. Fanyia kivulini. Mbao iliyopata moto juani hutoa hewa kupitia vanishi mbichi na kuacha vipovu.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni ukingo wa juu na wa chini. Mlango ukishafungwa hakuna anayeziona, na fundi anayekimbizana na muda anaziacha tupu. Mbao hunywa maji zaidi kwenye ncha zake, kwa hiyo uozo na kubambuka huanzia chini na kupanda, kama ilivyotokea kwako. Anza na kingo hizo siku ya kwanza asubuhi. Jioni, zikiwa zimekauka kiasi cha kutonata, rudisha mlango ulale umefungwa. Pande mbili zilizobaki unaweza kuzimalizia ukiwa umening'inia, jua likishauacha mlango. Baada ya hapo, kila mwaka kabla ya masika, pitisha msasa 240 na mkono mmoja mpya. Kazi ya nusu siku.

Nina mlango wa chuma. Rangi inatoka kama maganda na kutu inarudi kila mwaka. Fundi anachanganya rangi na mafuta ya taa. Kuna ubaya? – Msomaji, Mombasa

Upo. Mafuta ya taa hukawia kuondoka na huacha unyevu wa mafuta kwenye rangi: inachelewa kukauka, inafifia na kubaki laini. Petroli nayo ni hatari ya moto tu. Tumia tapentaini, au kile kilichoandikwa kwenye kopo.

Lakini kutu yako huenda imeanzia chini ya rangi. Sugua kwa brashi ya waya au grinda mpaka chuma king'ae, osha chumvi kwa maji yasiyo ya chumvi (kwa hewa ya Mombasa hatua hii si ya kuruka), kausha, na siku hiyohiyo upake praima ya redi oksaidi (rangi ya kwanza, ya kuzuia kutu). Chuma kilicho wazi kando ya bahari hakingoji kesho kushika kutu. Praima mikono miwili, kisha rangi ya mafuta mikono miwili. Lita moja ya rangi inatosha mlango mmoja pande zote.

Tazama pia sehemu ya chini. Kama mlango umetengenezwa kwa mabomba ya mraba yaliyo wazi ndani, maji ya mvua hukaa humo na kuozesha kutoka ndani. Toboa tundu la milimita 6 upande wa chini yatoke. Na kama ni mabati (chuma kilichopakwa zinki) badala ya chuma cheusi, redi oksaidi ya kawaida haifai: zinki hugeuza mafuta ya rangi kuwa kitu kama sabuni, na rangi yote hubanduka vipande vipana. Omba praima ya mabati.

Nabadilisha kitasa cha zamani. Nipime nini nisirudishwe dukani? – Msomaji, Dodoma

Ukikitoa, nenda nacho. Kama haiwezekani, pima kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo, kisha kutoka katikati ya tundu hilo hadi katikati ya chuma cha kishikio, na urefu wa bamba la mbele. Vipimo viwili vya kwanza vikitofautiana na kitasa kipya, itabidi utoboe upya na kuziba matundu ya zamani, na kiraka hicho hakifichiki chini ya vanishi.

Mlango umeanza kukwaruza fremu baada ya kupakwa. Niupige randa? – Msomaji, Morogoro

Kama ni masika, subiri. Mbao imevimba kwa unyevu, na ukiiranda sasa, kiangazi utabaki na mwanya wa kuingiza kidole. Mpaka hapo, kaza skrubu za bawaba ya juu, kwani mara nyingi ndiyo iliyolegea. Kiangazi, ukikwaruza bado, randa mpaka pabaki mwanya wa milimita 3, kisha paka vanishi ukingo uliouranda.

Tuna mlango wa zamani wa nakshi, Unguja. Tutumie vanishi gani? – Msomaji, Zanzibar

Kama nyumba ipo ndani ya Mji Mkongwe, uliza kwanza Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla hujagusa mlango. Kwa kazi yenyewe, weka kando msasa wa mashine na grinda: hula ncha za nakshi, na mfaa (ule mti wa katikati ya mlango) ukishalika haurudi. Safisha kwa brashi ya mswaki, maji kidogo na sabuni laini, kausha siku kadhaa. Badala ya vanishi, ambayo itabambuka ndani ya mikunjo ya nakshi na kuwa taabu kuitoa, pitisha mafuta ya kitani yaliyochemshwa (boiled linseed oil, huuzwa tayari) kwa tabaka nyembamba sana, na baada ya robo saa futa yote yaliyobaki juu. Ukiyaacha mengi, yatanata na kushika ukungu mweusi. Vitambaa ulivyofutia usivikunje na kuvitupa pembeni: hujipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze nje vikauke, au viloweke ndani ya ndoo ya maji kabla ya kuvitupa.