Breki ya bei nafuu kwa baiskeli ya tairi moja ya inchi 36
Kaka kama breki ya Magura, ile ya kampuni inayotumia mafuta badala ya waya, bei imekushinda usihangaike, tafuta breki ya V ya mtumba ile ya mauntenbaiki, yenye mikono miwili inayovutwa na waya na kubana rimu, inatosha kabisa kwa hiyo 36 yako. Angalia kwanza fremu kama ina vile vipini viwili vya kufungia breki, kama haina mpelekee fundi anayechomelea vizuri na apime akiwa na tairi limeshafungwa, raba za breki zigonge rimu tupu, zikigusa tairi zitalichana. Rimu ikiwa inacheza nyoosha spoku kabla ya yote maana raba zinakaa kama milimita 2 tu kutoka kwenye rimu. Leva ifunge chini ya mshikio wa siti na waya usiukunje sana, ukikunjwa breki inang'ang'ania haiachii. Ila nakuomba sana usiivute kwa ghafla, hapo mbele hakuna tairi lingine la kukudaka, utaenda kifudifudi. Kwenye mteremko vuta kidogo kwa kidole kimoja tu, ishikilie hivyohivyo huku miguu inazunguka, utasikia magoti yanavyopumua. Anzia kilima kidogo, na helmeti vaa.