Gereji ya Wasomaji: Land Rover inayotetemeka ikifika 80

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Land Rover 109 Series III ya petroli. Ikifika kilomita 75 kwa saa inaanza kuvuma, na kati ya 80 na 85 sakafu yote inatetemeka mpaka kioo cha ndani hakionyeshi kitu. Ikipita 90 inapungua kidogo. Usukani umetulia kabisa. Nimefanya balansi ya matairi mara mbili, nimebadilisha kros (viungo vya msalaba) zote mbili za propela ya nyuma, ile shafti inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi ekseli, na kwa kuwa nabeba viazi kutoka Isyonje nimeongeza jani moja kwenye kila springi ya nyuma. Sasa naambiwa ninunue mauntini za injini (raba zinazoibeba). Ninunue?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Usinunue bado, ndugu yetu. Kabla ya kutoa hela, tujue kwanza ni kitu gani kinachozunguka kwa kasi ya mtetemo huo.

Tairi la 7.50-16 linatembea karibu mita mbili na nusu kila linapozunguka. Kwa mwendo wa 80 linazunguka mara 9 hivi kwa sekunde. Difu (gia za ekseli) ya gari lako ina uwiano wa 4.7, yaani propela inazunguka mara 4.7 tairi likizunguka mara moja, kwa hiyo propela inazunguka mara 42 kwa sekunde hiyohiyo. Mtetemo wa tairi ni mapigo, karibu uweze kuyahesabu, na la mbele likiwa na kasoro utalisikia mikononi. Wa propela ni mvumo unaopanda miguuni. Wewe umetuandikia sakafu inavuma na usukani umetulia, basi tunaanza na propela.

Hakikisha kwanza. Nenda kwenye barabara tambarare, kama kipande cha Chimala kuelekea Igawa, asubuhi kabla malori hayajawa mengi. Ukifika 85 kanyaga klachi, toa gia, liache gari litembee lenyewe. Mvumo ukibaki na kuisha palepale kwenye 75, injini haina kosa. Usijaribu hivyo Mlima Nyoka wala kwenye mteremko wowote. Kisha simama, gia ikiwa huru, pandisha injini hadi mizunguko 2,900 hivi kwa dakika, ambayo ndiyo yake ukiwa gia ya nne kwenye 80. Ikitulia hapo, mauntini ziache zilivyo.

Kama gari halina habu za kufungia za mbele (zinazoachanisha magurudumu na ekseli), propela ya mbele nayo inazunguka hata usipotumia nguvu ya magurudumu manne. Ifungue, bolti nne kila upande, uende tena barabarani. Tumia spana ya 9/16. Ya 15 inaingia, lakini inacheza na kula kona za nati. Mvumo ukiwa uleule, rudi kwenye propela ya nyuma.

Hapa tunaomba umakini. Handibreki ya gari hili inashika propela ya nyuma pale inapotoka kwenye gia boksi, haishiki magurudumu. Ukishaitoa propela hiyo, handibreki haizuii kitu na gari linaweza kukupita juu. Weka vigingi mbele na nyuma ya magurudumu kabla hujagusa bolti ya kwanza.

Tunachokishuku zaidi kimejificha kwenye ile kazi ya kubadilisha kros. Kros ikizunguka kwa pembe haiendi sawasawa: kila mzunguko inaongeza kasi mara mbili na kupunguza mara mbili. Kros ya upande wa pili inafuta kosa hilo, mradi masikio (vishikio vya kros) ya pande zote mbili yawe kwenye mstari mmoja. Sasa mafundi wengi wakibadilisha kros huchomoa propela katikati, pale inapoteleza kwenye meno, kisha huirudisha bila kuangalia alama. Ikikosewa hata jino moja tu, makosa hayafutani tena. Ukiweka kros mpya mara kumi, hali haitabadilika.

Ilaze propela kwenye benchi, piga jicho kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Sikio la huku likiwa wima, la kule nalo liwe wima. Sugua uchafu kwa brashi ya waya karibu na yale meno, utafute mishale miwili iliyogongwa kwenye chuma, inapaswa kutazamana. Isipotazamana, fungua mfuniko wa vumbi, chomoa, zungusha, rudisha. Mtu atakayeifungua tena aipige alama ya rangi kwanza.

Propela ikiwa bado mkononi, kunja kila kros kwa vidole. Iende laini kila upande, isikwame, isicheze hata chembe. Klipu zinazoshika vikombe ziwe na unene mmoja pande zote, la sivyo propela inakaa nje ya kati. Vumbi jekundu kwenye kikombe maana yake sindano (vyuma vyembamba vya beringi vilivyo ndani yake) zimekauka grisi. Tazama pia kama kuna alama inayong'aa ya kipande cha balansi kilichobanduka, na ukwangue tope lote lililogandia. Mwisho tikisa flenji ya gia boksi (sahani inayofungwa propela) juu na chini. Ikicheza, ni beringi au nati ya katikati imelegea.

Lile jani la ziada nalo limo. Limeinua chesisi, na gari likiwa tupu propela inafanya kazi kwa pembe kali zaidi. Pakia magunia matatu ya viazi ujaribu tena. Mvumo ukipungua, pembe inahusika. Pima mwinamo wa uso wa flenji zote mbili, ya gia boksi na ya difu, hata simu yenye programu ya kupima usawa inatosha. Tofauti isizidi nyuzi 1. Ikizidi, toa jani, au weka kabari ya chuma kati ya springi na ekseli.

Ukiyamaliza haya yote na bado inavuma, ndipo umpelekee propela fundi wa mashine ya kuchonga aipime kama imepinda na kuifanyia balansi.

SWALI: Datsun 1200 yangu inadunda kilomita tano za mwanzo asubuhi, kisha inaacha. Nini?
Msomaji, Njombe

JIBU: Matairi. Yakilala kwenye baridi ya Njombe yakibeba uzito, hasa upepo ukiwa pungufu, sehemu inayogusa chini inabaki bapa mpaka yapate joto. Pima upepo yakiwa baridi, asubuhi kabla ya safari. Lakini pitisha kiganja kwenye kila tairi: ukikuta jipu, litoe leo.

SWALI: Nikishuka Kitonga na Peugeot 504, nikikanyaga breki usukani unatikisika. Nisipokanyaga, kimya.
Msomaji, Iringa

JIBU: Diski za mbele hazizunguki sawa. Kabla ya kuzichonga, legeza nati za gurudumu na uzikaze kwa kupishana, kwa nguvu sawa, maana kuzikaza ovyo kunapinda diski. Kisha pima kwa kipimo cha saa (kipimo chenye mshale kinachoonyesha diski inayumba kiasi gani). Ikiyumba zaidi ya milimita 0.1, peleka kwa fundi. Na Kitonga ishuke kwa gia ya pili, breki uziguse kidogo na kuziachia zipoe.