Mkangaga mti uliodumaa kwenye chungu: maswali na majibu

Mkangaga mti, ule wenye shina moja na majani marefu yaliyotandaa juu kama mwavuli, kwao ni milimani penye ukungu, kandokando ya vijito: Usambara, Uluguru, Kilimanjaro. Maswali mengi ya safari hii yanatoka kwa walioushusha kwenye joto.

Vichipukizi vinatoka vimejikunja vizuri, halafu vinakauka kabla ya kufunguka. Namwagilia kila siku. (Dar es Salaam)

Unamwagilia, lakini huenda maji hayafiki. Udongo uliowahi kukauka kabisa hunywea na kuachana na ukuta wa chungu. Maji hupita pembeni yakatokea chini, katikati kukabaki vumbi. Chomeka kijiti kikavu hadi chini, subiri dakika 5, kichomoe. Kikitoka kikavu, tumbukiza chungu chote kwenye beseni la maji mpaka mapovu yaishe, kama nusu saa, kisha kiache kichuruzike. Kuanzia hapo mwagilia polepole kwa awamu mbili, ya pili baada ya dakika 10.

Kichipukizi ni laini kuliko sehemu nyingine yoyote. Siku moja ya jua na upepo bila maji yatosha kukimaliza, wakati majani makubwa bado yanaonekana mazima. Hamishia chungu kivulini, pasipo upepo. Kilichokauka usikivute, kikate kwa mkasi: mmea huu una moyo mmoja tu, pale kileleni mwa shina majani yanapochipukia, na moyo ukichubuka ukaoza, hauchipui tena.

Ncha za majani ni za kahawia, na juu ya udongo kuna ukoko mweupe. Natumia maji ya kisima. (Tanga)

Ukoko huo ni chumvi. Kinga maji ya mvua, uyapitishe kwenye chungu mara 3 ya ujazo wake: chungu cha lita 10, lita 30, taratibu. Ukoko wenyewe ukwangue uutupe. Kama ulichanganya makumbi ya nazi yaliyofukiwa pwani, chumvi nyingine imetoka humo. Siku nyingine yaloweke usiku kucha kwenye maji yasiyo na chumvi, yakamue, urudie mara 3. Mbolea ya maji tia nusu ya kipimo cha kibandiko, mara moja kwa mwezi, tena mmea ukiwa unachipua tu.

Kila jani jipya ni dogo kuliko lililotangulia. Mwaka wa tatu, chungu kilekile. (Nairobi)

Utoe uone mizizi. Ikiwa imezunguka kama kata ya kichwani, tafuta chungu kilichozidi upana kwa sentimita 5, si zaidi. Udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji ukaoza. Changanya sehemu 2 za mboji ya majani, 1 ya makumbi yaliyooshwa, 1 ya mchanga mnene wa mto. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Shina libaki kwenye kina kilekile. Usihukumu kwa majani ya zamani, hayatakua tena. Angalia jani la pili na la tatu yatakayofuata.

Nukta za kahawia chini ya majani. Nimepuliza dawa mara mbili, hazitoki. (Arusha)

Acha dawa! Nukta zikiwa na mpangilio, safu kulia na safu kushoto ya mshipa wa kila kijani kidogo kinachounda jani, hivyo ni vifuko vya vumbi la uzazi, dalili ya mmea uliokomaa. Wadudu magamba hukaa ovyo, hasa kwenye bua, hubanduka kwa ukucha, na huacha utamu unaonata unaoita sisimizi. Magamba hao wafute kwa kitambaa chenye maji. Dawa za mafuta huunguza majani ya mkangaga.

Nimeuziwa shina lililokatwa msituni, halina mizizi. Litaota? (Lushoto)

Ni nadra sana. Mkangaga wa Australia, Dicksonia antarctica, umevikwa mizizi shina zima, ndiyo maana ukikatwa huweza kuota. Ile ya milima yetu, jamii ya Cyathea, hutegemea mizizi ya chini. Shina lililokatwa hutoa majani machache kwa akiba iliyobaki, kisha hufa. Nunua mche wa kitalu wenye mizizi yake.