"Nilijua umesafiri, kumbe upo": mtu anaweza kujua kitu ambacho si kweli?

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesoma falsafa chuoni, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Kwenye kipindi cha nadharia ya maarifa tumefundishwa kwamba huwezi kujua kitu ambacho si kweli, ikibainika umekosea basi hukujua, ulidhani tu. Jioni tukabishana hosteli. Mmoja akasema mbona Kiswahili kinaruhusu, kila siku tunasema 'nilijua umesafiri kumbe upo'. Mwingine akasema hayo ni makosa ya mtaani. Wa tatu akasema huo ndo ushahidi kwamba Kiswahili hakifai kwa falsafa, kujua na kudhani hatutofautishi, hata kunusa tunasema 'nasikia harufu'. Nani yuko sahihi?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lenu nimelipenda sana na naomba muendelee kubishana hivohivo. Jibu la haraka ni kwamba wa kwanza ameona kitu cha kweli, wa pili ameharakisha kuhukumu, na wa tatu amekosea kabisa.

Tuanze na matumizi yenyewe. "Mi nilijua umelala", "nilijua leo hakuna kipindi", "watu wanajua nina hela kumbe sina kitu", hapa Bongo utayasikia asubuhi mpaka usiku, kwa msomi na kwa asiyesoma, na hakuna anayeshtuka wala kumsahihisha mwenzake. Kitu kinachosemwa na watu wote bila kugongana kina kanuni yake hata kama haijaandikwa popote, na kanuni hii inaonekana ukiichezea sentensi kidogo.

Chukua "nilijua umesafiri" uikanushe. "Sikujua umesafiri." Umeona kilichotokea? Ile ya kwanza inaweza kuwa ya uongo, umesafiri au hukusafiri, hatujui mpaka tusikie kumbe. Ya pili haina ujanja, ukisema sikujua umesafiri basi kweli umesafiri. Huwezi kusema "sikujua umesafiri, kumbe hukusafiri", msikilizaji atakuuliza unaongea nini. Jaribu na "ningejua upo ningepita", hapo pia upo kweli, ndo maana nasikitika sikupita.

Sasa jaribu wakati uliopo. "Najua yupo ndani, lakini hayupo." Haiendi. Ila badilisha nafsi, "wanajua yupo ndani, lakini hayupo", inaenda vizuri tu, na hata unaweza kuongeza "waache wajue hivohivo". Kwa nini ya kwanza igome na ya pili ikubali?

Mi naielewa hivi. Ukisema "nilijua" au "wanajua" kuna vichwa viwili kwenye sentensi, kichwa cha anayejua na kichwa cha anayesimulia, hata kama ni wewe yuleyule wa jana na wa leo. Kiswahili kinakuruhusu usimulie ukiwa ndani ya kichwa cha yule mwingine, uyaseme mambo kama yalivyokuwa yanaonekana kwake, halafu utoke. Kwenye "najua" kichwa ni kimoja, huwezi kutoka nje ya kichwa chako sasa hivi ukajisema vibaya, ndo maana inagoma. Na kwenye kukanusha, yule asiyejua hana chochote kichwani kuhusu safari yako, kwa hiyo habari ya kwamba umesafiri lazima aibebe msimuliaji mwenyewe, na akishaibeba ameithibitisha. (Msichanganye na "sijui kama atakuja", ile kama ni ya kuuliza, haithibitishi kitu. Lakini "sikujua kama umekuja" kama yake ni sawa na kwamba, na kweli umekuja. Neno hilohilo kazi mbili, na muktadha unatosha kuzitenganisha.)

Na neno linalomtoa mtu ndani ya kichwa kile ni kumbe. Kumbe haliongezi habari yoyote kuhusu safari, linasema hapa ndo niligundua, hapa picha niliyokuwa nayo imevunjika. Ndo maana "nilijua umesafiri kumbe upo" inakaa vizuri kuliko "nilijua umesafiri na upo". Lugha ina neno zima kwa ajili ya ile sekunde ambayo mtu anagundua alikuwa amekosea, halafu mtu aseme haifai kwa falsafa ya maarifa!

Kuna kitu kingine kidogo nataka mkisikilize kwa masikio yenu. "Nilijua tu utachelewa" na "mi nilijua utachelewa". Ya kwanza, yenye tu, umechelewa kweli na msemaji anajipongeza. Ya pili, ikitamkwa kwa mshangao, mara nyingi umewahi na msemaji alikosea. Kitenzi kimoja, wakati mmoja, na kijineno cha herufi mbili pamoja na sauti vinaamua kama jambo ni kweli au si kweli. Kwa hiyo anayesema Waswahili hawatofautishi kujua na kudhani hajasikiliza, tofauti ipo ila haikai kwenye kitenzi peke yake, imegawanywa kwenye tu, kumbe, kukanusha, nafsi na sauti.

Sasa upande wa falsafa, maana mwalimu wenu naye hajakosea. Akisema huwezi kujua uongo anaongelea dhana ya ujuzi, yaani hali ya kujua, kama wanafalsafa walivyoibana kwa ajili ya kazi yao, haongelei kila namna watu wanavyolitumia neno njiani. Na hili halikuanza na Kiswahili. Mwaka 2010 mwanafalsafa Allan Hazlett alitetea hoja kwamba hata Kiingereza kina sentensi za hivi, mfano wake ni wa vidonda vya tumbo, kwamba watu wote walijua vinaletwa na mawazo mpaka madaktari wawili wa Australia walipoonyesha kwamba ni bakteria. Madaktari hao ni Barry Marshall na Robin Warren, na Marshall mwaka 1984 alikunywa mwenyewe hao bakteria akaugua tumbo ili watu waamini, wakaja kupewa Nobel 2005. Iseme kwa Kiswahili: "watu wote walijua vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo, kumbe ni bakteria". Haijagoma hata kidogo.

Kabla yake, mwaka 1997, mwanafalsafa Richard Holton alieleza sentensi za aina hii karibu na nilivyoeleza mimi hapo juu, kwamba msimuliaji anajiweka kwenye nafasi ya mhusika. Mfano wake mmoja ni wa pete, ukiugeuza kwa Kiswahili unakuwa "alimpa pete ya almasi, zikaja kubainika ni vioo". Almasi hazikuwepo tangu mwanzo, lakini tumeziita almasi kwa sababu ndivyo mtoaji alivyoziona. Kwa hiyo mwenzenu wa tatu akitaka kuifukuza lugha kwenye darasa la falsafa kwa kosa hili aanze na Kiingereza.

Halafu kuna hili la kubahatisha, nadhani mtalipenda. Mtafundishwa, kama bado, makala ya mwanafalsafa Edmund Gettier ya 1963, makala ya kurasa 3 tu ambayo, kwa visa vya watu wanaopatia kwa bahati, iliwatikisa waliokuwa wanasema ujuzi ni imani ya kweli yenye sababu nzuri. Lakini karne nyingi kabla yake, karne ya 8, Dharmottara, mwanafalsafa wa Kibuddha wa India, alishatoa kisa kama hiki: watu wamewasha moto wa kuchoma nyama, moto bado haujatoa moshi, ila nyama imevuta wadudu wakajaa juu yake kama wingu. Mtu kwa mbali akaona lile wingu jeusi, akajua ni moshi, kumbe ni wadudu. Akasema pale kuna moto. Na kweli moto upo. Je, alijua kuna moto?

Kajaribuni hosteli mkiongea kawaida kabisa, bila istilahi. Mi nina hakika wengi watasema "amebahatisha tu". Hilo neno ni la Kiswahili cha kila siku, linatoka kwenye bahati, na linabeba kila kitu ambacho kisa kinahitaji, yaani amepata jibu sahihi lakini njia yake haikumfikisha, alifikishwa na bahati. Mtoto akipatia hesabu kwa njia mbovu tunasema amebahatisha. Hatusemi amejua.

Sasa hii ya "nasikia harufu". Mwenzenu kasema kweli kwamba kusikia kwetu kunachukua mengi, tunasikia sauti, harufu, baridi, maumivu, njaa, hata uchungu moyoni, kwa ufupi kinachokuja chenyewe mwilini bila wewe kukifuata. Lakini kunusa pia tunako, na kazi yake ni nyingine. Unanusa kwa makusudi, unasogeza pua kwenye maziwa ujue kama yamechacha. Harufu ya maziwa yaliyochacha unaisikia ukiwa umekaa zako sebuleni. Ndivyo ilivyo kwa kutazama na kuona, kusikiliza na kusikia, upande mmoja unatenda na upande mwingine jambo linakufikia. Hapo hakuna kuchanganya hisi, kuna kupanga, na mpango wenyewe unajibu swali la kifalsafa, yaani je, kuhisi ni kitu unachofanya au kitu kinachokupata?

Na msisahau kwamba kuhisi na kujua aliwahi kuviunganisha mwanafunzi kama nyie. Kwenye maandishi ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kijana Theaetetus, mwanafunzi wa hisabati, anaulizwa na Socrates ujuzi ni nini, na moja ya majibu yake ni kwamba ujuzi ni kuhisi tu. Socrates anamjaribu kwa mfano wa upepo, upepo uleule unavuma na mmoja anasikia baridi na mwingine hasikii, sasa upepo wenyewe una baridi au hauna? Mbele zaidi anatoa mfano wa mahakimu wanaoamua kesi vizuri kwa kusikia tu maneno ya watu wakati mwenye kuijua kesi ni aliyeona kwa macho. Kiswahili kina njia yake ya kuonyesha umbali huo. "Umehamia Dodoma", "naona umehamia Dodoma", "nasikia umehamia Dodoma", "eti umehamia Dodoma", habari ni moja ila msemaji anabeba dhamana tofauti, ya kwanza anaisimamia, ya pili ameona dalili, ya tatu ameambiwa, ya nne ameambiwa na haamini sana au anataka uthibitishe.

Msamiati wenyewe wa kujua ni mpana kuliko mnavyopewa darasani. Kuna kuelewa, ambalo limetoka kwenye kuelea kwa maana ya kuwa wazi, wazee wanasema "maneno yako yamenielea", yaani yamekuwa wazi kwangu, kwa hiyo aliyeelewa ni mtu aliyefikiwa na uwazi. Kuna kutambua, kung'amua, kumaizi, kuhisi, kushuku. Kuna yakini, na waliopita madrasa wanajua kabisa ngazi zake, ilmul-yakini, ainul-yakini na hakkul-yakini, yaani uhakika wa kuambiwa ukajua, uhakika wa kuona kwa jicho, na uhakika wa jambo lenyewe likiwa limekufika. Hapo tofauti ya kusikia habari na kuona mwenyewe imeshawekwa majina zamani, watoto wa madrasa wanazisoma.

Sasa kwenye insha zenu mfanyeje. Ukiandika kazi ya darasa litumie neno kujua kwa maana iliyobanwa, pale tu jambo ni kweli, na penye kukosea andika "nilidhani", "aliamini", au "alikuwa na hakika, lakini". Si kwa sababu "nilijua" ni kosa la sarufi, ni kwa sababu msomaji wa insha hasikii sauti yako wala haoni uso wako ukishangaa, na bila kumbe au sauti sentensi inabaki na maana mbili. Kwenye maongezi, kwenye meseji, kwenye mazungumzo ya hadithi unayotunga, acha "nilijua" ibaki kama ilivyo, ukiigeuza kuwa "nilidhani" kila mahali wahusika wako wataongea kama wanasoma taarifa ya habari.

Na ukitaka kuandika ule mfano wa vidonda vya tumbo kwenye insha, weka alama za kunukuu kwenye kitenzi, "watu wote 'walijua' kwamba", halafu eleza kwenye sentensi inayofuata kwamba unalitumia kwa maana ya watu wa wakati ule. Mwalimu wako ataona kwamba tofauti unaijua, kwa maana yake iliyobanwa kabisa.