Ilipewa uhuru, ilipata uhuru, au ilijitenga?

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Mwanafunzi wangu aliandika, "Tanganyika ilipewa uhuru na Uingereza tarehe 9 Desemba 1961." Nikamkata alama kwa sababu ya neno "ilipewa". Mwalimu mwenzangu anasema sentensi haina kosa lolote. Nani kati yetu yuko sahihi? Na je, yafaa kusema kwamba makoloni "yalijitenga" na dola zilizoyatawala?

Jibu: Ndugu mwalimu, kisarufi mwenzako ana haki. "Ilipewa" ni kauli ya kutendwa ya kitenzi "-pa", na "na Uingereza" inamtaja mtoaji. Kama mtihani ulikuwa wa sarufi, mrudishie mwanafunzi alama yake. Lakini wewe unafundisha historia, na kitenzi katika historia kinatamka nani alitenda. Anayepewa ni mpokeaji tu. Mwenye mali na mwenye hiari ni yule anayetoa. Hapo ndipo ninapokuwa upande wako.

Tazama neno walilolitumia wenyewe waliokuwa katika harakati. TANU, chama kilichoongoza harakati hizo Tanganyika, ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, na Machi 1955 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York kueleza msimamo wake. Tangu siku hizo mpaka leo, wazee wetu wanasema "tulidai uhuru". Hawasemi "tuliomba". Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa. Mtu huomba kisicho chake, na akinyimwa hajadhulumiwa. Lakini hudai deni, mshahara, haki: kitu ambacho ni chake tayari, ila kimo mikononi mwa mwingine. Basi aliyedai deni lake likatoka hatuwezi kusema kapewa zawadi. Ukiandika "walidai uhuru" katika aya ya kwanza kisha "wakapewa uhuru" katika aya ya pili, aya ya pili imeivunja ya kwanza.

Kwa hiyo mimi huandika "ilipata uhuru", au "ilijipatia uhuru" ninapotaka juhudi ya wananchi ionekane wazi. Kwa Kenya, ambako hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 na watu wakamwaga damu misituni na kizuizini, "walipigania uhuru" ndiyo kauli inayostahili. Angalia ni "walipigania", si "walipigana uhuru" kama wengine wanavyoandika. Bila kiambishi cha kutendea, lengo la mapigano limepotea.

Kuna kitenzi kimoja cha kutendwa ambacho hakinisumbui: "kukabidhiwa". Katika sherehe za uhuru wa Tanganyika, na miaka miwili baadaye zile za Kenya, Prince Philip alikuja kwa niaba ya Malkia wa Uingereza, na serikali mpya ikakabidhiwa hati za katiba. Hati hukabidhiwa kweli, maana ni karatasi. Uhuru wenyewe ulikuwa umeshapatikana kabla karatasi hazijafika.

Ubishi wako na mwenzako si mpya. Tarehe 30 Juni 1960, mjini Léopoldville (leo Kinshasa), ulitokea jukwaani mbele ya dunia nzima. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji aliueleza uhuru wa Kongo kuwa ni kilele cha kazi iliyoanzishwa na Leopold wa Pili, mfalme wa zamani wa Ubelgiji aliyeitwaa Kongo. Patrice Lumumba, waziri mkuu, akasimama na kusema kwamba ingawa uhuru huo unatangazwa kwa makubaliano na Ubelgiji, hakuna Mkongo atakayesahau kwamba umepatikana kwa mapambano. Mmoja alisema "tumewapa", mwingine akajibu "tumeupata". Wabelgiji walioshtuka siku ile walielewa vizuri sana uzito wa tofauti hiyo.

Ziko pia nchi ambazo hata "kupata" ni neno dogo kwao. Septemba 1958 wananchi wa Guinea walipiga kura kuikataa jumuiya mpya ya Ufaransa na makoloni yake iliyopendekezwa na kiongozi wa Ufaransa, de Gaulle, na tarehe 2 Oktoba nchi ikawa huru huku Ufaransa imekasirika, ikiondoa watumishi wake na vifaa vyake. Hapo ningesema "ilitwaa uhuru wake". Guinea-Bissau "ilijitangazia uhuru" tarehe 24 Septemba 1973 wakati vita vikiendelea, na Ureno ikautambua mwaka uliofuata.

Sasa "kujitenga". Hili ndilo neno ninaloomba uwe nalo macho zaidi, maana linabeba dai ndani yake. Kinachojitenga ni sehemu ya kitu kizima. Ukisema Algeria "ilijitenga na Ufaransa", umekubali kwamba Algeria ilikuwa sehemu ya Ufaransa. Na hivyo ndivyo watawala walivyotaka ionekane. Ufaransa iliihesabu Algeria kaskazini kuwa mikoa yake kama mikoa ya nyumbani, na mapigano yaliyoanza Novemba 1954 hayakuitwa vita katika sheria za Ufaransa mpaka mwaka 1999. Ureno nayo, mwaka 1951, iliacha kuita Msumbiji na Angola makoloni, ikayaita majimbo ya ng'ambo, ili anayeshika silaha aonekane anaimega nchi. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, haikupigana ili Msumbiji ijitenge na Ureno. Ilipigana ili nchi ikombolewe. "Ukombozi" ndilo neno la vita vile, na tusiliache.

Katanga, jimbo la Kongo, ni jambo jingine. Kiongozi wake Moïse Tshombe alipoitangaza kuwa nchi Julai 1960, siku chache tu baada ya uhuru wa Kongo, hiyo ilikuwa kujitenga hasa: jimbo liliondoka katika nchi yake. Vivyo hivyo Biafra, iliyojitenga na Nigeria mwaka 1967. Kwa sababu ya mambo hayo, na kwa sababu OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliamua Cairo mwaka 1964 kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, neno "kujitenga" lina ladha chungu katika siasa za Afrika. Sudan Kusini imekaa katikati. Kura ya Januari 2011 iliitwa ya kujitenga, na tarehe 9 Julai tukasema imepata uhuru. Maneno yote mawili ni sahihi, kwa kuwa kweli ilikuwa sehemu ya nchi moja na kweli ikawa dola.

Utaniuliza kuhusu Marekani. Makoloni 13 yaliyotoa tangazo la Julai 1776 yaliongozwa na walowezi waliojihesabu kuwa raia wa mfalme yuleyule wa London. Hao waliweza kujitenga, na "yalijitenga na Uingereza" si kosa kwao. Lakini usiichukue kauli hiyo uivishe Msumbiji.

Mambo mawili madogo kuhusu sentensi ileile ya mwanafunzi. Akitaka kuita Tanganyika "koloni", mweleze kwamba kisheria ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, yaani Uingereza iliisimamia kwa niaba ya Umoja huo. Katika mazungumzo ya kawaida "koloni" inapita, katika insha ya historia isipite bila maelezo. Na akitaka kumtaja mtawala, aandike "ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza". "Kutoka Uingereza" bila "kwa" huelekeza mawazo mahali, kama barua au meli iliyotoka huko, na uhuru wa Tanganyika haukusafirishwa kutoka ng'ambo.