Kiraka changu kimerudishwa

SWALI: Nimerekebisha hitilafu kwenye programu huria, nikatuma kiraka (faili la mabadiliko niliyofanya) nilichotoa kwa amri ya diff tupu, ile inayolinganisha faili la zamani na jipya, bila chaguo lolote. Msimamizi amekirudisha, anataka muundo mwingine. Upi?

JIBU: Ndugu msomaji, msimamizi yuko sahihi. Diff tupu huandika namba za mistari na mabadiliko tu. Mwenzako akiongeza mistari juu ya faili hilo, namba zako zimepotea, na kiraka kinaweza kubandikwa pasipo pake. Tumia diff -u. Huacha mistari 3 isiyobadilika juu na 3 chini, hivyo mahali panatambulika hata pakisogea. Muundo huu upo tangu 1990. Sioni sababu ya kutuma mwingine.

Mradi ukitumia Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, usiishie kwenye git diff. Toa kwa git format-patch: jina lako, tarehe na maelezo yako husafiri pamoja na msimbo, na msimamizi akipokea kwa git am, kazi hubaki kwa jina lako. Hilo nalijali mno; mtu aliyejitolea asipotezewe jina. Mradi wa kiini cha Linux (kernel) hutaka kiraka ndani ya barua pepe yenyewe, si kiambatisho. Kitume kwa git send-email, kwani programu nyingi za barua hukata mistari mirefu na kuharibu tabo (nafasi za kitufe cha Tab).