“A” au “an”: fuata sauti, si herufi
Kwa Kiingereza ni “an hour” lakini “a university”. Kinachoamua ni sauti ya kwanza ya neno linalofuata, si herufi iliyoandikwa. H ya “hour” haitamkwi, kwa hiyo neno linaanza kwa irabu. “University” linaanza kwa sauti ya y, ambayo ni konsonanti. Vifupisho navyo ni vivyo hivyo: “an MP” kwa sababu tunasoma em-pii, ila “a UN report” kwa sababu ni yu-en. Wengi hukosea kwa kuangalia nomino badala ya neno lililo jirani: “a man”, lakini “an honest man”. Neno kama “herb” linategemea msomaji wako: Marekani kwa kawaida hawatamki h, huandika “an herb”, Uingereza ni “a herb”.